Riwaya Zilizowafundisha Watoto Kusoma, na Kumshuku Jirani

Tarehe 17 Novemba 2015, mzee mmoja alikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Karachi akingoja ndege ya kumrudisha Punjab. Alikuwa anatoka kwenye maonyesho ya vitabu, ambako riwaya yake mpya ilikuwa imeanza kuuzwa. Hakupanda ndege hiyo. Moyo ulisimama, akafa pale pale uwanjani. Jina lake lilikuwa Ishtiaq Ahmed.

Kama hulijui jina hilo, si ajabu. Aliandika kwa Kiurdu, aliwaandikia watoto, na alichoandika ni upelelezi. Ukiweka hayo matatu pamoja, wahakiki wenye miwani mizito hawakuangalii mara mbili. Lakini hesabu yake inatisha: zaidi ya riwaya 800. Kuna kipindi alikuwa anatoa nne kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, kama mshahara. Habari za kifo chake zilipotoka, watu wazima wenye kazi na watoto wao walijikuta wakilia kwa ajili ya mtu ambaye hawakuwahi kukutana naye. Wakaanza kutajiana vichwa vya riwaya walizosoma chini ya blanketi kwa tochi.

Halafu, katikati ya rambirambi, wengine wakauliza: jamani, mnakumbuka vizuri kilichokuwa ndani ya vitabu vile?

Swali hilo halijaisha mpaka leo. Na ingawa linahusu Pakistan, nadhani lina kitu cha kutuambia sisi tuliolelewa na vitabu vya kuinamia barabarani.

Tuanze nyuma kidogo. Upelelezi haukuzaliwa kwenye Kiurdu. Ulikuja kwa tafsiri. Mwanzoni mwa karne ya 20, India ikiwa bado chini ya Mwingereza, hadithi za Sherlock Holmes na za mwizi wa Kifaransa Arsène Lupin zilikuwa zinageuzwa kuwa Kiurdu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1916 afisa wa polisi aitwaye Zafar Umar alitoa Neeli Chhatri, yaani Mwavuli wa Buluu, hadithi aliyoijenga juu ya msingi wa Lupin. Tirath Ram Ferozepuri naye alitafsiri riwaya za uhalifu zaidi ya 100. Wasomi waliyaita mambo haya takataka. Wasomaji walinunua takataka hiyo mpaka ikaisha.

Kisha akaja Ibn-e-Safi. Jina lake halisi ni Asrar Ahmad, aliyezaliwa 1928 karibu na Allahabad, mwalimu na mshairi. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba siku moja kwenye kikao cha marafiki mtu alisema Kiurdu hakiwezi kuuza kitu kisichokuwa na ngono. Asrar akabisha. Machi 1952 akaanza mfululizo wa kila mwezi, Jasoosi Dunya, Ulimwengu wa Upelelezi, ukiwa na Faridi mpelelezi mtulivu na Hameed msaidizi wake mtundu. Ngono hakuna. Mwaka huo huo alihamia Pakistan, na 1955 akaanza mfululizo wa pili, wa Imran.

Imran ndiye anayependwa kupita wote. Mbele za watu ni mjinga wa kupindukia: anavaa nguo zisizolingana, anaongea upuzi, anachekwa na kila mtu. Kumbe ndiye mkuu wa idara ya siri, anayejulikana kwa jina X-2, na wafanyakazi wake wenyewe wanaoitetemekea sauti yake kwenye simu hawajui kwamba bosi ni yule yule chizi wanayemdharau. Unaelewa mara moja kwa nini kijana wa Karachi au Lucknow, asiye na kazi na anayedharauliwa nyumbani, angempenda mtu kama huyo.

Ibn-e-Safi aliandika vitabu 125 vya mfululizo wa kwanza na 120 vya wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliugua akili, akanyamaza kama miaka mitatu. Aliporudi mwaka 1963 na Dairh Matwaalay, toleo la India lilizinduliwa na Lal Bahadur Shastri, mwanasiasa ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Waziri Mkuu. Hebu fikiria: India na Pakistan, nchi zilizopigana vita, zinangoja kitabu kimoja cha senti chache. Javed Akhtar, mmoja wa waandishi wawili wa filamu ya Sholay, amesema kwamba kwa Ibn-e-Safi ndiko alikojifunza uzito wa mhusika mwenye jina linalokumbukwa. Kwa hiyo wazee wetu waliojaza kumbi za sinema kumtazama Gabbar Singh walikuwa wanakula matunda ya mti huo bila kujua.

Sisi tusiosoma Kiurdu tulifunguliwa mlango mwaka 2010 na 2011, tafsiri za Kiingereza zilipochapishwa India, nyingine zikiwa za mhakiki mkubwa Shamsur Rahman Faruqi. Na hapo Mwafrika anakutana na Joseph Mugonda.

Joseph ni mlinzi wa Imran. Ni Mwafrika, bondia wa zamani wa uzito wa juu, mtu wa miraba minne. Anakunywa pombe kwa chupa, si kwa glasi. Anaogopa mapepo na uchawi kuliko bastola. Imran ni bosi wake na yuko tayari kumfia. Jina lenyewe, Mugonda, linasikika kama la mtu ambaye ungempanda naye matatu moja. Msomaji wa Lahore anacheka na Joseph na kumpenda kweli, lakini anampenda kama mtu anavyopenda mbwa mkubwa. Na hawa ni waandishi waliotoka tu kutawaliwa na Mwingereza, walioijua dharau kwa jina na kwa sura. Lakini kumbe mtu akirithi kiti cha bwana, mara nyingi anarithi na kioo chake cha kututazamia.

Hilo ni onyo la kwanza. Tuliweke mfukoni tuendelee.

Ishtiaq Ahmed alizaliwa 1944 upande ambao sasa ni India. Baada ya mgawanyo wa 1947 familia yake ilijikuta Jhang, mji wa Punjab ya Pakistan. Hakufika chuo kikuu. Kwa mtu kama mimi, niliyeacha chuo na sasa naishi kwa malipo ya kila makala, sitaficha kwamba hilo linanipa moyo. Mwaka 1973 alitoa Packet ka Raaz, Siri ya Pakiti, na humo Inspekta Jamshed akaingia duniani na watoto wake watatu: Mahmood, Farooq na Farzana.

Ujanja wake ulikuwa rahisi. Ibn-e-Safi aliwaandikia watu wazima na watoto wakaiba. Ishtiaq Ahmed akawaandikia watoto wenyewe, na akaifanya kazi ya upelelezi kuwa kazi ya familia. Baba anapiga kengele ya mlango kwa namna yake na watoto wanajua ni yeye kabla ya kufungua. Mahmood ana kisu kidogo alichokificha kwenye kisigino cha kiatu. Farzana ndiye mwenye mbinu. Wakibanwa kabisa wote wanamgeukia yeye. Farooq ni mdomo: akisikia maneno yoyote yenye mvuto anasema hayo yangefaa kuwa jina la riwaya, na mzaha huo unarudi kitabu baada ya kitabu bila kuchosha. Wakiwa wamefungwa kamba kwenye ghala na mhalifu amewaelekezea bunduki, wao wanabishana kuhusu matumizi sahihi ya methali. Mhalifu anachanganyikiwa. Msomaji wa miaka kumi anajifunza methali.

Baadaye akaongeza kikosi cha pili, Inspekta Kamran Mirza na watoto anaopeleleza nao, na cha tatu, ndugu wa Shoki, wapelelezi wa kujitegemea wasio na pesa. Mara moja moja alitoa toleo maalum ambamo vikosi vyote vinakutana, na hayo yalikuwa matofali: mengine yalipita kurasa 1,000. Mtoto anayesoma kurasa 1,000 kwa hiari yake, bila mtihani wala fimbo. Walimu wetu wa Kiswahili wangetoa nini kuona hivyo?

Na walivipata wapi? Wengi hawakununua. Mitaani kulikuwa na maktaba ndogo za kukodisha, vibanda vya mtu binafsi vilivyopanga vitabu mpaka darini. Ziliitwa maktaba za ana, kwa jina la sarafu ndogo ya zamani, maana ada ilikuwa ya siku na ilikuwa ndogo hivyo. Kwa sababu unalipia kila siku, unasoma haraka. Ukiwa na ndugu wanne, kitabu kimoja kinasomwa na wote wanne kabla ya jua kutua. Mtu wa Nairobi aliyewahi kukodisha kanda za video mtaani anaijua presha hiyo.

Kitu kingine kinachokumbukwa na kila msomaji ni tangazo la mwanzo wa kitabu. Kabla ya kuanza, mwandishi alimtaka mtoto ajiulize: je, huu si wakati wa sala? Una kazi ya shule hujamaliza? Kuna mtu umempa ahadi ya kuonana naye? Nyumbani wamekutuma kitu? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, kiweke kitabu kabatini, kafanye hilo kwanza. Sijui mwandishi mwingine anayemwambia mteja wake asifungue bidhaa. Wazazi waliona ukurasa huo wakatulia. Wazazi waliokuwa wakichoma riwaya nyingine waliziacha hizi.

Na hapo ndipo mjadala unapoanza. Kitabu ambacho mzazi hakikagui kina nguvu kubwa.

Wakosoaji wana hoja za aina tatu. Ya kwanza ni ya ufundi: mtu anayeandika riwaya nne kwa mwezi lazima ajirudie. Ni kweli, anajirudia. Hiyo naipita, hata ugali unajirudia.

Ya pili ni ya wanawake. Farzana ana akili kuliko kaka zake, na wasichana wengi wa Pakistan wanasema ndiye wa kwanza kuwaonyesha kwamba msichana anaweza kuongoza mpango. Lakini mtazame mama yake. Mke wa Inspekta Jamshed yuko jikoni, chai iko tayari, chakula kinapoa, familia inatoka tena mbio. Kitabu baada ya kitabu. Farzana atakua awe nani? Mfululizo haukuwahi kujibu, kwa sababu ndani yake watoto hawakui.

Ya tatu ndiyo nzito. Kadiri miaka ilivyosonga, wezi wa vito na wauaji wa kawaida walipungua, na adui akawa njama. Nchi za kigeni zilipewa majina ya kubuni ambayo mtoto yeyote angeyafumbua kabla ya chai kupoa: hii ni India, hii ni Israeli, hii ni Marekani. Nchi imezingirwa, na ndani yake kuna wasaliti waliojificha. Na miongoni mwa wasaliti hao, katika baadhi ya riwaya, kuna jumuiya halisi yenye watu halisi: Ahmadiyya. Riwaya inayotajwa zaidi katika mjadala huu ni Wadi-e-Marjan, inayoichora jumuiya hiyo kama kikundi cha njama.

Hapa inabidi nieleze, maana bila historia utadhani ni ugomvi wa madhehebu tu. Ahmadiyya ni jumuiya iliyoanzishwa India mwaka 1889. Wafuasi wake wanajitambua kuwa Waislamu. Waislamu walio wengi hawakubali. Huko kukataliana ni suala la imani na kila mtu ana lake. Huku kwetu pia kumekuwa na ubishi: jumuiya hiyo ilichapisha Nairobi, mwaka 1953, tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akaipinga vikali kisha akatoa ya kwake, iliyokamilika 1969. Kitabu kikajibiwa kwa kitabu. Hivyo ndivyo ubishi unavyopaswa kuwa.

Pakistan haikuishia kwenye vitabu. Septemba 1974 katiba ilibadilishwa, serikali ikatangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Mwaka 1984 Jenerali Zia-ul-Haq akaongeza amri: wakijiita Waislamu, wakiita nyumba zao za ibada misikiti, au wakitoa adhana, ni jela hadi miaka 3. Sasa soma tena tarehe hizo. Inspekta Jamshed alizaliwa 1973. Alikua pamoja na sheria hizo. Mtoto aliyekuwa akiazima kitabu kwenye kibanda cha mtaani alikuwa anapokea kwa mkono wa Mahmood na Farooq, pamoja na vichekesho na methali, sababu ya kumuogopa mtoto aliyekaa dawati moja naye.

Jhang yenyewe inafanya jambo hili kuuma zaidi. Mji huo huo ndiko alikokulia Abdus Salam, Mpakistani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, ya fizikia, mwaka 1979. Salam alikuwa Muahmadiyya. Baada ya mabadiliko ya katiba aliondoka nchini kwa kupinga. Alipofariki 1996 alizikwa Rabwah, makao ya jumuiya yake, si mbali na Jhang. Kwenye jiwe la kaburi iliandikwa kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel. Neno "Mwislamu" likafutwa. Lilibaki pengo kwenye sentensi.

Mji mmoja ulitoa mtoto aliyeshinda dunia nzima kwa akili, na mwandishi aliyewafundisha mamilioni ya watoto kutumia akili. Na katika vitabu vya huyu wa pili, watu wa yule wa kwanza ni wa kupelelezwa.

Wanaomtetea wanasema tusimhukumu kwa riwaya chache kati ya 800. Wanasema alikuwa mtu wa kawaida mcha Mungu aliyeamini alichokiamini majirani zake wote, na kwamba nchi iliyotunga sheria zile ilikuwa na wabunge, majenerali na mahakimu. Kwa nini mwandishi wa watoto abebe mzigo? Wanasema pia, na hii ndiyo hoja inayonigusa, kwamba watoto wengi wa tabaka la chini wasingesoma kitabu chochote nje ya darasa kama si yeye. Lugha ya Kiurdu walionayo leo, pamoja na ile wanayomkosoa nayo, ilitoka kwake.

Yote hayo ni kweli. Lakini hoja hiyo inajipiga yenyewe. Huwezi kusema vitabu vyake vilikuwa na nguvu ya kumfundisha mtoto methali, adabu, sala na kupenda kusoma, halafu ikifika kwenye chuki useme ah, ni hadithi tu, mtoto hazingatii. Ama vinafundisha au havifundishi. Na kuhusu zile riwaya chache: kwa mtoto wa Kiahmadiyya aliyezipenda nyingine zote, moja ilitosha. Yeye pia alikuwa anakodisha pale kibandani. Yeye pia alikuwa anajua mlio wa kengele ya Inspekta Jamshed. Siku moja alifungua kitabu akakuta mlango anaogongewa ni wa kwao.

Usidhani sisi tuko salama. Riwaya ya upelelezi kokote duniani inahitaji mtu wa kushukiwa, na kishawishi ni kumchagua yule ambaye msomaji tayari hampendi. Enid Blyton, aliyewasomesha watoto wa Kenya kupitia maktaba za shule, amekosolewa kwao Uingereza kwa namna alivyowachora wageni na watu weusi. Kwenye Kiswahili tulibahatika kiasi. Muhammed Said Abdulla alimchukua Holmes akamvika kanzu akamwita Bwana Msa, na katika Mzimu wa Watu wa Kale fumbo liko ndani ya jamii yenyewe, kwenye ushirikina na siri za ukoo. Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuwa na adui wa taifa pia, lakini adui huyo alikuwa utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, wenye jeshi na mabomu. Kuna tofauti kati ya kumfundisha kijana kuichukia dola inayoua na kumfundisha kumchukia jirani asiye na la kujitetea.

Na kama una shaka kwamba haya yanapita bila alama, mrudie Joseph Mugonda. Mimi sina hasira na Ibn-e-Safi. Nilimfurahia Imran na ningemsoma tena leo. Lakini kila Joseph anapoingia chumbani na chupa yake, naacha kuwa msomaji kwa dakika moja. Nakuwa mtu anayetazamwa. Dakika hiyo ndiyo inayonifanya nimuelewe mtoto yule wa Rabwah ambaye sitamjua kamwe.

Riwaya ya mwisho ya Ishtiaq Ahmed, ile aliyoiacha kwenye meza za Karachi siku zile, inaitwa Imran ki Wapsi, Kurudi kwa Imran. Ndani yake alimleta shujaa wa Ibn-e-Safi akutane na wa kwake. Mzee wa miaka 71 aliyetoa riwaya 800 alikuwa bado ni shabiki, bado ni mtoto wa kibanda cha vitabu. Hilo linanifanya nimpende, na silifuti. Vitabu vyake vinachapishwa upya sasa, na wale waliovisoma chini ya blanketi wanawanunulia watoto wao.

Wawanunulie. Kuvificha kutavipa utamu wa bure. Ila safari hii mzazi asitosheke na lile tangazo la ukurasa wa kwanza akafunga mlango akaenda zake. Akae karibu. Mtoto akifika penye msaliti, aulizwe swali ambalo Inspekta Jamshed mwenyewe angeuliza: ushahidi uko wapi?